Siku za Pamba Mdomoni

Jumatatu, 18 Februari 1957

Wasichana wachache leo chuoni kwangu. Wengine wamekwenda kusafisha mashamba, masika yanakaribia. Nimewasikiliza Juzuu Amma huku nimeshika shavu. Magego mawili ya chini, upande wa kulia. Yamekuwa mashimo matupu. Msichana mmoja alikosea nikashindwa kumrudi kwa maumivu, akaendelea na kosa lake mpaka mwisho wa sura. Aibu yangu.

Mwanatumu amesema nikizidi kuugulia ukutani atahamia bandani kwa kuku. Kuku wana adabu, amesema.

Mwanatumu ni mke mwenzangu. Marehemu mume wetu alimjengea nyumba iliyotazamana na yangu, nasi tukatazamana hivyo, kila mtu mlangoni pake, mpaka alipofariki. Kisha masika yakaangusha ukuta wake, akahamia kwangu mpaka ukuta ujengwe. Haukujengwa. Hakuna aliyemwambia aondoke, hakuna aliyemwambia abaki. Tumezeeka humo.

Kesho daktari wa meno atakuwa Msambweni. Hutoka Mombasa, akimaliza hurudi. Nitakwenda. Kifo nimekwisha kukizoea, pumzi zinanikatika hata nikitoka kisimani bila ndoo. Koleo ndilo ninaloliogopa.

Jumanne, 19 Februari

Yametoka.

Tulipewa nafasi mbele ya lori la nazi. Mwanatumu alikaa katikati ili mtikisiko umpate yeye. Hospitalini, sindano ya ganzi, kisha mdomo ukawa wa mtu mwingine. La kwanza lilitoka upesi. La pili lilivunjika, daktari akalifuata chini kwa chini. Sikulia. Mwanatumu alilia, nje, nilimsikia.

Masharti: niume pamba kwa nguvu mpaka damu ikome. Nisiseme. Nisisukutue leo wala kesho. Nisiteme mate kwa kishindo. Nisitafune tambuu. Kesho kutwa ndiyo nianze maji ya chumvi ya vuguvugu, tena taratibu.

Nyumbani tumemkuta Hamisi barazani, mtoto wa Mwanatumu, pamoja na mjomba wake Mzee Kombo. Wametoka Jego tangu alfajiri. Kanzu safi, kofia. Nikajua lipo jambo.

Hamisi alinishika mkono akaubusu. Shikamoo, Mama Mkubwa. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema mamake amezeeka, wajukuu wanakua hawamjui, amemjengea chumba chenye dirisha la kusini. Anataka kumchukua akae naye Jego, moja kwa moja. Lakini mimi ndiye mkubwa, na nyumba ni yangu, hawezi kumtoa mtu humu bila ya idhini yangu.

Nilikuwa na pamba mdomoni. Damu imejaa chini ya ulimi. Ganzi inaisha na maumivu yanaingia. Nilitazama chini. Machozi yakanitoka.

Hivyo ndivyo anavyoridhia mwari anapoulizwa na walii wake. Hunyamaza, akainamisha uso, akalia kidogo. Mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo wasichana wa mji huu, kwamba kimya chao ni idhini. Mzee Kombo ni mzaliwa wa mji huu, anaijua desturi hiyo.

"Ameridhia," alisema. "Alhamdulillahi. Tusomeni Fatiha."

Wakainua mikono. Wakasoma. Nami mikono yangu ikainuka yenyewe, kwa mazoea. Mwanatumu alikuwa amesimama mlangoni, uso wake sikuuona.

Atakuja kumchukua kabla ya mwezi wa Shaabani kuandama.

Jumatano, 20 Februari

Damu imekoma. Shavu limevimba kama andazi.

Nimefanya ujinga. Wakati wa adhuhuri nilitia udhu, nikasukutua. Mara tatu, kwa nguvu, kama siku zote. Najua vizuri kwamba kusukutua si nguzo ya udhu, ni sunna, na mgonjwa akiiacha hana lawama. Nimeifundisha mas'ala hii maisha yangu yote. Mwanatumu akaniambia, "Bi Mkubwa, si wewe uliyesema ni sunna?" Nikamtazama kwa ukali nikasukutua tena.

Ilikuwa ni hasira. Sikuwa na njia nyingine ya kuitoa.

Kitu chekundu, laini kama ini, kilitoka na maji. Nilikiona kikienda na mfereji.

Alhamisi, 21 Februari

Maumivu mengine kabisa. Si yale ya kuoza. Haya yanatoka mfupani, yanapanda sikioni, yanashuka shingoni. Sikufundisha. Wasichana nimewarudisha makwao.

Mwanatumu ameanza kukunja kanga zake. Ana nyingi kuliko nilivyodhani. Anazianika juani moja moja, anazinusa, anazikunja. Alikuwa akiimba. Mtu anayekwenda kwa huzuni haimbi.

Mchana aliniletea uji wa mchele wenye tui. Akasema bila ya kunitazama kwamba angalijua nimemchoka kiasi hiki angalikwisha kwenda zamani. Sikujua kama ni utani. Utani wake na ukweli wake vina sauti moja. Nilitaka kujibu, taya halikufunguka.

Nina hasira na Hamisi. Nina hasira na Mzee Kombo na Fatiha yake. Kisha najiuliza, kosa lao ni lipi? Mtoto amekuja kumtaka mamake. Ameomba kwa adabu. Mimi sina mtoto aliye hai wa kuja kunitaka. Basi huu ni wivu, nauandika kwa jina lake.

Ijumaa, 22 Februari

Homa. Nimeswali nimekaa. Mdomo unanuka hata mimi najinuka. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 23 Februari

Mwanatumu alinipeleka Msambweni. Hakuniuliza. Alisimamisha gari barabarani kwa kusimama katikati ya njia.

Daktari wa meno amekwisha kurudi Mombasa, lakini yupo dresa, mfunga vidonda, mtu mpole kutoka Kwale. Alitazama kwa tochi. Akauliza kama nilisukutua. Mwanatumu akamjibu kwa niaba yangu, kwa urefu, na akaongeza mengine ya miaka ya nyuma. Dresa akaeleza kwamba donge la damu ndilo kifuniko cha kidonda. Mimi nimelimwaga, mfupa umebaki uchi. Hakunigombeza. Aliosha, akapakia kitambaa chembamba kilicholowa mafuta ya karafuu, akanipiga sindano ya penisilini.

Kabla hatujafika nyumbani maumivu yalikwisha shuka. Nilitaka kulia kwa raha. Karafuu zinanukia mdomo mzima. Mbele ya gari Mwanatumu alinishika mkono kwa sababu ya mashimo ya barabara. Barabara ilipokuwa nzuri hakuuachilia.

Jumapili, 24 Februari

Nimelala usingizi wa mtu mzima.

Ananilisha kwa kijiko. Uji, kisha mchuzi wa samaki uliochujwa, kisha ndizi mbivu iliyopondwa. "Fungua, Bi Mkubwa. Leo nimepumzika kusikia amri." Anafurahia sana. Akikiweka kijiko mdomoni mwangu, wake nao unafunguka, kama wa mama anayelisha mtoto mchanga. Hajijui.

Alasiri amegawa kuku wake. Tetea mwekundu kwa jirani wa mashariki, wengine kwa mke wa mwadhini. Nilimwona akimkabidhi tetea akamweleza yule mwanamke tetea huyo anapenda kutagia wapi. Kuku hawa hakumwachia mtu hata nilipomwomba mmoja wa sadaka. Basi anakwenda kweli.

Jumanne, 26 Februari

Uvimbe umeshuka. Taya linafunguka vidole viwili. Nasema, ingawa maneno yanatoka kama ya mlevi. Nimesukutua maji ya chumvi taratibu, kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Kwenye udhu nimeacha.

Basi sasa sina udhuru. Mdomo unafanya kazi.

Siku nzima nimesema mambo mengi. Nimesema kuhusu kuni mbichi. Nimesema mtungi unavuja. Nimemwambia mboga ya mchunga ya leo ilikuwa chungu mno, akanijibu kwamba mchunga kazi yake ni hiyo. Lile moja sikulisema.

Jumatano, 27 Februari

Nilijaribu baada ya alasiri. Alikuwa amekaa mkekani anakuna nazi. Nikakaa karibu. Nikakohoa. Nikasema, "Mwanatumu." Akaitika, "Labeka, Bi Mkubwa." Akaacha kukuna. Alingoja.

Nikamwambia chumvi imekwisha.

Akasema chumvi ipo, tele, na akanionyesha ilipo. Akaendelea kukuna.

Mimi niliyesomeshwa na baba yangu mpaka tafsiri. Mimi niliyesimama mbele ya kadhi kudai haki za wanawake wengine, nikasikilizwa. Nimeshindwa na neno moja dogo mbele ya mwanamke na mbuzi ya nazi.

Ijumaa, 1 Machi

Hamisi anakuja kesho. Ametuma salamu kwa mtu wa Vanga.

Nitaandika hapa nisichoweza kusema, nione kama kitasomeka.

Sitafika mbali. Labda mfungo huu utanikuta, labda hautanikuta. Moyo unaruka kama panzi kisha unasimama. Dresa aliusikiliza siku ile, akakunja mpira wake wa kusikilizia polepole, akaniambia nisibebe kitu kizito. Nilimwelewa. Sihuzuniki. Nimesoma, nimesomesha, nimekula riziki yangu.

Lakini nikifa, nataka Mwanatumu ndiye anioshe.

Wako waosha maiti wengi hapa Munje. Wanawake wazuri, wanajua sunna zote, wengine nimewafundisha mimi. Sitaki mikono yao. Wataniosha mwalimu wao. Yeye ataniosha mimi. Analijua kovu la mguu limetoka wapi. Anajua bega gani huniuma, atalinyanyua polepole hata kama sisikii tena. Atanisema huku akinimwagia maji. Ataniambia, tulia Bi Mkubwa, leo huna amri. Nataka hilo. Nataka kusemwa hivyo mara ya mwisho.

Na si kufa tu. Ningependa na siku zilizobaki, chache au nyingi, nisikie mtu akinuna upande wa pili wa ukuta.

Watu wa mji wanadhani sisi ni wajane wa mtu mmoja tuliovumiliana. Mume wetu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Nilimheshimu. Lakini nikiulizwa kaburini ni nani aliyekuwa mwenzangu duniani, si yeye nitakayemtaja. Huo ndio ukweli. Nimeukuta mwishoni, baada ya kung'olewa magego.

Sasa je, nina haki ya kumzuia? Ana mtoto. Ana wajukuu. Ana chumba chenye dirisha. Mimi nina kifo changu tu cha kumpa.

Jumamosi, 2 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Hamisi alikuja saa za asubuhi na gari la rafiki yake la kubebea kopra. Mzee Kombo naye alikuwemo. Sanduku likatolewa, mkeka ukakunjwa, mafurushi ya kanga yakapakiwa. Majirani wakaja. Mimi nilikaa kwenye kiti changu barazani, shela kichwani, nimefunga mdomo. Mdomo mzima, hauumi.

Kisha ikafika kuagana. Mwanatumu alipiga magoti mbele yangu. Tangu aolewe hajanipigia magoti. Akaishika mikono yangu miwili.

"Bi Mkubwa, tumeishi pamoja, hatukosi kukoseana. Nisamehe yote. Nipe radhi zako nisafiri."

Kila mtu anajua jibu. Nimekusamehe, nami nisamehe, nenda salama. Hata mtoto mdogo analijua. Maneno hayo hayo husemwa na mtu anayekufa. Yalifika mpaka ulimini, nikaona nikiyasema yamekwisha, yeye kwake mimi kwangu, mpaka ukingo wa kaburi.

Nikasema, "Sitoi."

Hamisi akasogea, uso umemshuka. "Mama Mkubwa, amekukosea nini?"

"Anakwenda."

Mzee Kombo akasafisha koo. Akanikumbusha kwa heshima kwamba jambo hili lilikwisha. Niliulizwa, nikaridhia, na Fatiha ikasomwa, tena mimi mwenyewe niliinua mikono.

"Nilikuwa na pamba mdomoni," nikasema. "Nilikuwa nameza damu. Ungetaka nijibu kwa nini, Mzee Kombo, kwa sikio?"

Kuna mtu alicheka nyuma. Mwanatumu hakucheka. Bado alikuwa amepiga magoti, mikono yangu ameikamata kwa nguvu mpaka ikauma.

"Na jana?" aliniuliza. "Na juzi? Jumatano ulikaa karibu yangu ukaniambia chumvi. Jana pia ulikuwa na pamba?"

"Nilikuwa na haya."

"Haya gani, wewe? Mji mzima unakuogopa."

Hapo nikamwambia. Mbele ya mwanawe na kaka yake na majirani. Nikamwambia nyumba hii bila yeye siitaki, na kwamba nikifa anioshe yeye, asinioshe mtu mwingine, na kama atakuwa Jego hatawahi, kwa sababu maiti haikawizwi. Sauti ilikuwa mbaya, mate yalinitoka upande ule wa mashimo. Sikujali.

Mwanatumu akakaa chini kabisa, kwenye sakafu. Akajifuta uso kwa upande wa kanga. Kisha akaanza kunigombeza. Akasema siku ile alisimama mlangoni akingoja nikatae. Akasema aliimba ili nisijue kwamba analia. Akasema kuku wake amewagawa ili nimkataze, na mimi nikatazama tu kama ninatazama harusi ya watu. Amewapa watu tetea wake mwekundu kwa ajili ya kiburi changu, na sasa atamdaije?

Akamgeukia Hamisi. "Mwanangu, shusha sanduku."

Hamisi aliweka mkono juu ya sanduku. Nilimwonea huruma. Amejenga chumba kwa mikono yake. Nikamwita, nikamwambia hajafanya kosa, na chumba kile hakitakaa bure. Tutakwenda sote wawili Idi, akija kutuchukua na Mungu akitujaalia, na mamake atakaa kwa wajukuu atakavyo kisha atarudi. Akafikiri. Akasema, "Na wewe utalala chumba hicho hicho?" Nikamwambia ndiyo, kama mamake hakoromi. Mwanatumu akasema anayekoroma anajulikana. Hamisi akacheka, ingawa macho yalikuwa mekundu. Akaubusu mkono wangu.

Mzee Kombo bado alikuwa na wasiwasi juu ya ile Fatiha. Nikamwambia tuliomba kheri, na Mungu hakutuuliza sisi kheri hiyo ikae kijiji gani. Akakubali. Akasema mwalimu ni mwalimu.

Nimechoka. Moyo unaruka. Uache uruke.

Jumapili, 3 Machi

Mwezi umeandama. Shaabani.

Nimelala mpaka jua likawa juu. Hakuna aliyeniamsha.

Mke wa mwadhini amerudisha kuku mwenyewe, bila ya kudaiwa. Jirani wa mashariki bado.

Alhamisi, 7 Machi

Dresa ametoa kitambaa cha mwisho. Nyama inaota, amesema, kidonda kinajifunga kutoka chini kwenda juu. Ndivyo kinavyotakiwa. Moyo hakuuzungumzia, nami sikumuuliza.

Wasichana wamerudi chuoni. Sauti yangu imebadilika kidogo, upepo unapita mahali pa magego. Wamezoea upesi kuliko mimi.

Alasiri tulikaa uani. Mwanatumu akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, nataka nioshewe wapi siku hiyo, chumbani au uani kwenye kivuli cha ukuta. Nikasema chumbani, uani kuna upepo. Akasema chumbani ni padogo, atapiga viwiko ukutani. Tukabishana. Kisha akauliza, "Na mimi nikitangulia?"

"Nitakuosha mimi."

"Kwa mikono hiyo? Utaniangusha."

Nikamwambia basi asitangulie. Akasema ataangalia.

Akainuka kwenda jikoni. Akauliza samaki wa leo apikwe vipi. Nikasema wa kupaka. Akasema huyu ana miiba midogo midogo, lakini ngoja, atanichambulia.

Hewa imepoa. Namsikia akitwanga pilipili.